Nyumbani Kwetu Hakitupwi Kitu

6 Januari

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Sisi hatujambo, ila joto na vumbi tu. Mama yuko salama. Mgongo unamsumbua asubuhi, lakini jua likishapanda utamkuta jikoni anamenya vitunguu kuliko kijana. Wifi yako anakusalimu, na watoto wanakua mpaka nguo zinawakimbia. Shemeji hajambo? Mwambie taa aliyotufungia jikoni alipokuja bado nzima, kwa sababu hatuiwashi ovyo.

Najua utauliza kwa nini sipigi simu. Simu inakula vocha, na wewe ukianza kuongea hujui kunyamaza. Barua hii nampa dereva wa lori la vitunguu, anaibeba bure kwa kuwa kila akipita nampa chai. Majani yenyewe ni ya kuchemshwa mara ya pili, lakini yeye hajui.

Sasa nije kwenye jambo. Kile kiwanja cha nyuma ya hoteli yetu, ambacho marehemu baba alikitamani mpaka anaingia kaburini, mwenyewe anakiuza. Nimekuwa nikiweka hela tangu baba afariki, sijanunua hata soksi, na bado kidogo tu nifike. Nataka na wewe utie mkono, kiwe cha familia. Tumelelewa pamoja na tumefundishwa pamoja kushika hela. Unakumbuka baba alivyokuwa akipasua kijiti cha kiberiti kwa wembe, kikawa viwili? Vile vipande vya sabuni alivyovikanda mpaka vikawa mche mpya wa rangi tatu? Watu walimcheka wakamwita Bwana Bado, maana kila ukimwambia kitu kimekwisha, alijibu, "Bado." Wengi waliomcheka leo wamepanga vyumba. Sisi tuna paa letu.

Kinachonikera ni friji tu, imekufa. Fundi anataka hela ya mashine mpya. Nimemwambia asubiri. Baba aliendesha hoteli hii bila friji, na watu walikula wakarudi.

Mama anasema uvae sweta kazini, na usile umesimama.

Kaka yako


29 Januari

Kaka,

Shikamoo. Barua imefika ikinuka vitunguu, nikajua imetoka nyumbani kabla sijaifungua. Sisi wazima. Kazini wamenihamishia kwenye mashine kubwa za kufulia, zile za mashuka ya wodi. Mvuke wake unakuchemsha kama unapikwa wewe. Nimezoea. Kuna wasichana wapya wanaokimbia nje kutapika wakifungua mfuko wa mashuka ya wodi ya upasuaji. Mimi nafungua, natenganisha, natia dawa, nakwenda kula. Lakini kuna vitu bado vinanishinda, na ndivyo ninavyotaka kukuandikia leo.

Shemeji yako alinunua viatu mwezi uliopita. Viatu vya kawaida kabisa, vya zamani vilikuwa vimetoboka. Mimi nikanuna. Sikumsemesha mpaka akachoka, akaniuliza, "Nimeua mtu?" Kesho yake akawa anatafuta bisibisi kwenye kabati langu, akakutana na vipande vya sabuni kwenye mfuko wa nailoni, vimeota ukungu na nywele. Nywele za watu nisiowajua, kaka, kwa sababu vingine nimeviokota bafuni kazini. Akavishika hivi kwa vidole viwili, akaniangalia. Niliona haya nikatamani sakafu inimeze. Kumbe nina mshahara wangu kila mwezi, na nimekaa hapa nakusanya uchafu wa watu.

Kwa hiyo usinikumbushe ule mche wa rangi tatu kama vile ni kitu cha kujivunia. Mimi nakumbuka nyama. Baba akienda buchani jioni wakati wanafunga, akirudi na mabaki yanayong'aa kijani pembeni. Mama akiyaosha kwa ndimu huku amegeuza uso. Siku ile nilipotapika kwenye sahani, baba akasema sahani yangu haijaisha. Unakumbuka alichonilazimisha. Sitaki kukiandika. Wewe ulikuwa umekaa mbele yangu, ukamaliza yako, ukasifiwa.

Kwenye kiwanja sitii hela. Akiba yangu ninayo, na sijui naiwekea nini, lakini si hicho.

Ila nijibu hili: friji imekufa, na joto hilo unalolisema. Nyama ya hoteli inalala wapi?

Mbusu mama. Mwambie sweta ninavaa.

Mdogo wako


20 Machi

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii itawakuta wazima. Samahani kwa kuchelewa, lori lilikuwa gereji, na mimi mwenyewe nilikuwa na mambo. Tulifunga hoteli kwa siku kadhaa kupaka rangi. Sasa tumefungua, biashara ya kusukuma tu. Wifi yako amekwenda kwao kidogo na watoto, kuwasalimia wazee. Mama anapumzika.

Barua yako ilinichoma. Unamsema marehemu kama vile alikuwa mwizi. Mtu yule alianza na jiko moja na benchi la kuazima. Ada yako ya shule ilitoka kwenye yale yale mabaki unayoyaona kinyaa leo. Kama angekuwa mtu wa kutupatupa, wewe ungekuwa unafua mashuka ya hospitali au ungekuwa umelalia moja? Fikiri kabla hujaandika.

Na hizo sabuni, kosa lako ni kumwacha mume aone. Watu waliolelewa kwenye ulaji hawatuelewi. Mtu anayenunua viatu kabla vya zamani havijamkana, huyo ana lake.

Kiwanja nimekitolea malipo ya kwanza. Aliyebaki nyuma asije kusema hakuambiwa.

Kaka yako


3 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Shemeji yako anakusalimu, na anasema viatu vinamkaa vizuri.

Nimeisoma barua yako kazini, nikaisoma tena nyumbani. Wewe, kupaka rangi? Wewe uliyesema rangi ni hela iliyobandikwa ukutani? Ukuta ule una masizi tangu mimi sijaota meno ya ukubwani, na hujawahi kuugusa hata kwa maji.

Halafu wifi kwenda kwao katikati ya muhula. Watoto hawasomi?

Halafu mama. "Mama anapumzika." Mama yetu huyu huyu? Siku aliyomzika baba alirudi akaosha masufuria. Na hakuna neno lake hata moja kwenye barua, hata la kunigombeza. Swali langu la nyama umelipita kama hulioni.

Niandikie nini kimetokea. Nimeomba likizo kazini, natarajia kuipata mwishoni mwa mwezi. Usiponiandikia nitajua ni kibaya kuliko ninavyofikiri.

Mdogo wako


18 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu. Nilikuwa nangoja hali itulie ndipo nikuambie, nisikutie wasiwasi bure. Lakini wewe tangu utoto hukosi kuchokonoa.

Ni hivi. Mwishoni mwa Februari wale mafundi wa gereji ya jirani walikula kwangu mchana kama kawaida. Nyama ilikuwa ya juzi yake. Ilikuwa na harufu kidogo, nikaikaanga na vitunguu vingi na pilipili, harufu ikakata. Jioni nikasikia wanatapika, mmoja akabebwa kwa mkokoteni. Bwana afya akaja, akapiga kufuli, akanitoza faini, akanilazimisha kupaka rangi. Rangi ya kweli, na bei yake ya kweli. Wote walipona, hakuna aliyekufa, lakini ukisikia wanavyolisimulia utadhani niliwatilia sumu.

Sufuria lilikuwa limebaki nusu. Nililiweka pembeni, nikilifikiria, maana nyama yote ile. Mama akalikuta. Alikuwa amesikia habari za mafundi, hilo nisikufiche. Nilimkuta ameketi na bakuli, akaniambia, "Mimi tumbo langu limezoea, hiki si cha kumwaga." Nami nilikuwa nimechoka siku ile, nikamwacha.

Tumbo lake halijatulia tangu hapo. Zahanati walisema alazwe hospitali ya mkoa. Nimeona tumwangalie hapa hapa nyumbani, nampa maji ya chumvi na sukari, kuna siku anakaa vizuri kabisa. Wifi yako hakupenda hilo jambo, ndiyo akaenda kwao.

Sasa umejua. Hakuna haja ya kupoteza nauli.

Kaka yako


24 Mei

Kaka,

Shikamoo leo sina.

Nakuandikia kwa kuwa pale kwako sikuweza kusema yote, nilikuwa na mgonjwa mgongoni. Mama amelazwa hospitali ninayofanya kazi, na sasa anaweza kukaa. Daktari alisema maji yalikuwa yamekwisha mwilini na damu imepungua. Siku chache zaidi na figo zingegoma. Nakuandikia hilo kwanza, maana hukupeleka hata mtu kuuliza kama tulifika.

Mimi nimefua mashuka ya kila aina ya mwisho wa binadamu. Nilidhani hakuna kinachoweza kunitoa jikoni nikimbie. Nilipofungua mlango wa hoteli yako, kabla sijakuona wewe nilikutana na mafuta yako ya kukaangia. Meusi kama lami, yameganda kwenye karai, na nzi wawili ndani. Ukaniambia, "Yanachujwa hayo." Na rangi mpya ukutani, nyeupe! Nikaenda stoo. Mama yupo katikati ya magunia ya vitunguu, amelalia shuka ambalo mimi, kwa kazi yangu, naweza kulisoma. Halikuwa la siku ile wala la juma lile. Ulikuwa unaokoa sabuni. Pembeni yake kulikuwa na sahani ya vipande vya mkate vyenye alama za meno ya wateja. Mama yangu, nyama ya shavu imekwisha, ananiambia, "Karibu mwanangu, umekula? Chukua hicho."

Nikakuuliza, "Kwa nini hukumpeleka?"

Ukasema, "Walitaka alazwe. Kulazwa ni hela kila siku."

"Na hela si unayo?"

"Ile si hela. Ile ni kiwanja."

Ulisema hivyo ukinitazama machoni, bila aibu, kama mtu anayefafanua hesabu nyepesi kwa mtoto mzito. Nilitoka nje nikatapika kwenye mtaro wako. Ukaja nyuma yangu ukaniambia nisitapike mbele ya wateja.

Lakini kuna jambo jingine, na hili linanikera kuliko lako. Tulipofika hapa, nilikwenda dirishani kulipa. Nilikuwa nimetoa akiba yangu yote benki, ya hospitali na ya gari tulilokodi kumleta mama. Nikaingiza noti chini ya kioo. Karani akazishika akavuta, hazikwenda. Akavuta tena. Akasema taratibu, "Dada, achia." Mama yuko kwenye kiti cha magurudumu nyuma yangu, anatetemeka, na vidole vyangu vimeng'ang'ania, kaka, vyenyewe. Mume wangu ndiye aliyekuja akavifungua. Nikajiona kinyaa kuliko nilivyokuona wewe. Nilijua baba hajafa. Yumo ndani yako na yumo ndani yangu, amekaa ametulia, anatafuna polepole huku anatutazama.

Na yumo kwa mama. Juzi muuguzi aliinua mto wake, akakuta ugali mkavu wa wagonjwa wengine, mifupa, ganda la yai. Anapita usiku akishikilia kuta, anakusanya kwenye trei za wenzake. Muuguzi akaniita pembeni, akaniuliza kwa upole kama huko nyumbani tuna njaa. Nimjibu nini? Nimwambie hapana, tuna kiwanja?

Mdogo wako


30 Juni

Mdogo wangu,

Nimekaa na barua yako muda mrefu. Nimeitupa mara moja kwenye jiko, nikaitoa kabla haijashika moto, karatasi ilikuwa nzuri upande wa pili. Ndiyo hii unayoisoma, geuza utaona maneno yako.

Sitabishana na wewe. Maneno yale ukamwambie marehemu baba kaburini, aliyejinyima kula ili wewe usome. Kama nilikosea kuhusu mama, nilikosea kwa kufuata tulivyofunzwa, na waliotufunza ni baba na huyo huyo mama. Yeye mwenyewe hakulalamika hata siku moja.

Kiwanja sasa ni changu. Nimemaliza kulipa wiki iliyopita. Nilikwenda kusimama katikati peke yangu. Nilidhani nitafurahi zaidi. Kuna majani marefu na matairi mabovu ambayo gereji walikuwa wakitupa. Nimeyapanga, yatafaa.

Hoteli iko wazi, ila mafundi hawaji. Wanavuka barabara mbele ya macho yangu wanakwenda kula kwa yule mama wa upande wa pili, tena wakipita wanaziba pua kwa makusudi, wanacheka. Bado napika kiasi kile kile, mkono umeshazoea. Kinachobaki nakula mimi, cha mchana nakula jioni, cha jioni nakula asubuhi. Kuna siku kinanikaba, lakini siwezi kukimwaga, nikilishika sufuria mkono unakataa. Wifi yako ametuma ujumbe kwamba harudi mpaka nimtake radhi mama mbele ya watu. Watoto nimewaona mara moja, wamenenepa.

Nilichokusudia kukuandikia ni hiki. Mama akishapata nguvu, umrudishe. Kazi ya vitunguu inanishinda peke yangu, na kuajiri mtu sina mpango. Halafu asipokuwepo chakula kinabaki kingi mno. Nauli nitatoa mimi, nusu. Mwambie mahali pake papo, nimetoa magunia.

Msomee barua hii kama ilivyo. Usimpotoshe.

Kaka yako


19 Julai

Kaka,

Mama ametoka hospitali, yuko kwangu. Anatembea mpaka dukani na kurudi. Shemeji yako anamtania kwamba akinenepa zaidi atabomoa kitanda, naye anacheka mpaka anashika mbavu. Wifi alikuja na watoto, wakakaa siku mbili. Mdogo ana jino jipya mbele.

Jumamosi mume wangu alipokea mshahara, akasema leo hapikwi, tunakwenda kula nje. Mama alibisha, mimi nilibisha ndani kwa ndani, lakini tukaenda. Ni mahali pa kawaida, meza za plastiki, kitambaa safi. Mama aliletewa samaki mzima, akala upande mmoja akashiba. Alishiba kweli, akaegemea kiti. Mhudumu akaja, akauliza, "Nitoe, bibi?"

Mama akaitazama sahani. Mimi nikaona mkono wangu mwenyewe unajongea, nikaukalia. Mume wangu alikuwa anaangalia barabarani. Mhudumu amesimama tu, hajui amesimama mbele ya nini.

Mama akasema, "Toa, mwanangu."

Sahani ilipopita mlango wa jikoni, mama akalia, machozi yakitiririka bila sauti. Mume wangu akadhani anaumwa. Nikamwambia mwache. Akalia akamaliza, akajipangusa kwa upindo wa kanga, akauliza kama kuna chai ya moto, ya majani mapya.

Tuliporudi ndipo nilipomsomea barua yako. Nimeisoma kama ilivyo, pande zote mbili, maana uliniandikia kwenye karatasi yangu na yale ya stoo yamo humo humo. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilipofika pale pa chakula kinachobaki, akaniambia rudia. Nikarudia. Nilifikiri ataanza kufunga mzigo, namjua, nilikuwa tayari kugombana naye.

Akasema niandike hivi, nami naandika neno kwa neno:

"Mwambie siji. Nimekuwa pipa la taka la nyumba ile tangu nimeolewa. Baba yake alinijaza, na yeye akanijaza. Kiwanja anacho, akanunue pipa, aliweke hapo."

Mdogo wako